Namba 4,294,967,295 na jirani yake: vigawo vyake, na kwa nini kipimo cha 2 hakiwezi kuinasa

Swali la msomaji: Katika kujifunza kuandika programu nakutana kila mara na kikomo hiki: 4,294,967,295. Nilijaribu kutafuta vigawo vyake kwa mkono, nikapata 3 na 5, kisha nikakwama. 7 haiingii, 11 haiingii, 13 haiingii. Namba kubwa namna hii ina sifa gani, na mtu anapataje vigawo vyake bila kompyuta? Halafu, ukiiongezea 2 unapata 4,294,967,297. Programu yangu ndogo, inayopandisha 2 kwenye kipeo na kuangalia baki, inasema hiyo ni namba tasa. Mwenzangu anakataa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi. 4,294,967,297 ni zao la 641 na 6,700,417. Programu yako huenda haikukosea hesabu hata moja. Kipimo ulichochagua ndicho kisichoweza kuinasa namba hii, na sababu yake nitaieleza. Ile ya kwanza, 4,294,967,295, ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, na unaweza kuipasua kwenye kipande cha karatasi bila kugusa 7 wala 13.

Ulikwama kwa sababu uliitazama namba hii kama tarakimu kumi zilizopangwa. Namba kubwa ikikujia, uliza kwanza imejengwaje. Hii imejengwa kwa 2: ukizidisha 2 yenyewe kwa yenyewe mara 32 unapata 4,294,967,296, ambayo nitaiandika 2^32. Ukitoa 1 unapata namba yako. Ukiongeza 1 unapata jirani yake. Karibu kila sifa ya namba hizi mbili inatoka kwenye muundo huo, na ukiusahau unabaki na kazi ngumu mno: vinamba tasa vilivyo chini ya 65,536, yaani chini ya kipeuo cha pili cha 2^32, viko 6,542, na kujaribu kimoja kimoja kwa mkono si jambo la kumshauri mtu.

Anza na tofauti ya vipeo vya pili. Kila mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba a² − b² = (a − b)(a + b). Sasa 2^32 ni kipeo cha pili cha 2^16, yaani cha 65,536. Kwa hiyo

2^32 − 1 = 65,536² − 1² = 65,535 × 65,537.

Iache 65,537 kwanza, urudi kwenye 65,535. Nayo ni 256² − 1, yaani 255 × 257. Halafu 255 ni 16² − 1, yaani 15 × 17. Na 15 ni 4² − 1, yaani 3 × 5. Umemaliza: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Hakiki kwa kurudi juu: 3 × 5 = 15, 15 × 17 = 255, 255 × 257 = 65,535, na 65,535 × 65,537 = 4,294,967,295. Uhakiki huu usiuruke. Kosa la kawaida hapa ni mtu kuandika 65,535 mahali pa 65,537, na matokeo yanatofautiana kwa namna ambayo jicho halioni haraka.

Mbona 7, 11 na 13 hazikuingia? Badala ya kugawa tarakimu kumi, fuata baki za vipeo vya 2. Ukigawa 2^3 = 8 kwa 7 inabaki 1, kwa hiyo 2^30 nayo inabakiza 1, 2^32 inabakiza 4, na namba yako inabakiza 3. Kwa 11, 2^10 = 1,024 inabakiza 1, kwa hiyo 2^32 inabakiza 4 na namba yako inabakiza 3 tena. Kwa 13 inabaki 8. Njia hii ya kufuata baki ndiyo chombo kikuu cha kazi nzima, na tutaitumia tena kwenye 641.

Sasa lazima tujiridhishe kwamba vigawo vyote vitano ni tasa. Kwa 3, 5 na 17 hakuna mjadala. Kwa 257 na 65,537 muundo unatusaidia tena. Namba hizi tano zote ni za umbo moja: 2 kwa kipeo ambacho chenyewe ni kipeo cha 2, kisha ongeza 1. Yaani 2^1 + 1, 2^2 + 1, 2^4 + 1, 2^8 + 1 na 2^16 + 1. Huitwa namba za Fermat, kwa jina la Mfaransa Pierre de Fermat, na kwa kawaida huhesabiwa kuanzia F0 = 3 hadi F4 = 65,537. Inayofuata, F5, ni 2^32 + 1. Hiyo ndiyo 4,294,967,297 yako.

Kigawo chochote tasa cha namba ya Fermat hakiwi namba yoyote tu. Chukua F5, na tuseme p ni kigawo chake tasa. Maana yake 2^32 ikigawanywa kwa p inabaki −1 (yaani p − 1). Ukiipandisha kipeo cha pili, 2^64 inabaki 1. Kwa hiyo baki za 2, 4, 8, 16 na kuendelea zinazunguka na kurudi kwenye 1 kila baada ya hatua 64, si mapema zaidi, maana kwenye hatua ya 32 zilikuwa bado kwenye −1. Lakini kanuni ndogo ya Fermat inasema kwamba 2^(p − 1) ikigawanywa kwa p inabaki 1. Basi mizunguko ya hatua 64 lazima iingie kikamilifu ndani ya p − 1, yaani p − 1 ni kigawe cha 64. Édouard Lucas alisogeza jambo hili mbele mwaka 1878: kwa kuwa p ikigawanywa kwa 8 inabaki 1, kuna namba ambayo kipeo chake cha pili kinabakiza 2 kikigawanywa kwa p, na hapo mzunguko mzima unaingia ndani ya nusu ya p − 1. Kwa hiyo p − 1 ni kigawe cha 128. Kwa F4 namba hiyo ya 128 inakuwa 64, na kwa F3, yaani 257, ni 32.

Tazama inavyorahisisha. Kigawo tasa cha 257 kingetakiwa kiwe 33, 65, 97 na kuendelea, lakini kipeuo cha pili cha 257 ni 16 na kidogo. Hakuna cha kujaribu, kwa hiyo 257 ni tasa. Kwa 65,537, kipeuo cha pili ni 256 na kidogo, na wagombea wa umbo 64k + 1 walio chini yake ni 65, 129 na 193. 65 ni 5 × 13 na 129 ni 3 × 43. Kigawo tasa kinachowezekana ni 193 peke yake. 193 × 339 = 65,427, na baki ni 110. Kwa hiyo 65,537 ni tasa, na tumethibitisha kwa kugawa mara moja tu.

Ukishapata vigawo tasa, sifa nyingine zinatoka kwa mpigo. Kwa kuwa vigawo tasa ni vitano na kila kimoja kimetokea mara moja, vigawo vyote ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 = 32: kila kigawo unakipata kwa kuamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. Jumla ya vigawo vyote ni (3 + 1)(5 + 1)(17 + 1)(257 + 1)(65,537 + 1), yaani 4 × 6 × 18 × 258 × 65,538 = 7,304,603,328. Ukitoa namba yenyewe inabaki 3,009,636,033, ambayo ni ndogo kuliko namba yenyewe. Namba ya aina hii huitwa pungufu.

Sifa ninayoiona bora kuliko zote ni hii: kuanzia 1 hadi 4,294,967,295, ni namba ngapi zisizoshiriki nayo kigawo chochote zaidi ya 1? Jibu linapatikana kwa kupunguza 1 kwenye kila kigawo tasa na kuzidisha: 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536. Vyote ni vipeo vya 2, na vipeo vyake ni 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31. Kwa hiyo jibu ni 2^31 = 2,147,483,648 kamili. Sasa angalia jirani, 2^32 yenyewe: zisizoshiriki nayo kigawo ni witiri zote, nazo pia ni 2^31. Namba mbili zinazofuatana, moja ya vigawo vitano tofauti na nyingine ya 2 tupu, zina idadi ileile. Jambo hilohilo ni kweli kwa 3 na 4, 15 na 16, 255 na 256, 65,535 na 65,536. Linakatika kwenye hatua inayofuata, 2^64 − 1, na anayelikata ni 641: 641 − 1 = 640 = 128 × 5, na hiyo 5 inaharibu mpangilio wa vipeo vya 2.

Sifa hiyo ya 2^31 ndiyo inayoiunganisha namba hii na jiometri. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula isiyo na vipimo na bikari peke yake. Mwaka 1801 alitangaza kanuni pana: umbo la pande n zilizo sawa linachoreka kwa vyombo hivyo ikiwa n ni kipeo cha 2 kilichozidishwa na namba tasa za Fermat zilizo tofauti, kila moja mara moja. Pierre Wantzel alithibitisha mwaka 1837 kwamba nje ya hizo hakuna nyingine. Namba tasa za Fermat zinazojulikana ni hizo tano tu: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kwa hiyo, ukichukua vigawo 32 vya 4,294,967,295 na kuacha 1, unapata orodha kamili ya idadi za pande zilizo witiri zinazojulikana kuchoreka: 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257 na kuendelea, 31 kwa jumla. Ya mwisho na kubwa kuliko zote ni 4,294,967,295 yenyewe. Johann Gustav Hermes alitumia takribani miaka kumi kueleza uchoraji wa umbo la pande 65,537 peke yake, akamaliza mwaka 1894.

Na kuna njia nyingine ya kuviandika vigawo hivi ambayo hushangaza watu. Andika pembetatu ya Pascal, ile ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Mahali penye namba witiri weka 1, penye shufwa weka 0, kisha soma kila mstari kama namba ya mfumo wa jozi. Mstari wa kwanza ni 1. Wa pili ni 11, yaani 3. Wa tatu, 1 2 1, unakuwa 101, yaani 5. Wa nne ni 1111, yaani 15. Wa tano, 1 4 6 4 1, unakuwa 10001, yaani 17. Endelea hadi mstari wa 32 nawe umeandika vigawo vyote 32 kwa mpangilio wa kupanda, na mstari wa 32 ni moja tupu thelathini na mbili.

Kuhusu vipeo vya pili, nitakwenda haraka. Namba yako haiwezi kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili, kwa sababu 3 inaigawa mara moja tu. Haiwezi hata kwa vitatu: ukigawa kwa 8 inabaki 7, na kipeo cha pili chochote kikigawanywa kwa 8 hubakiza 0, 1 au 4, na hakuna njia ya kuchanganya vitatu vya namna hiyo ukapata 7. Vinne vinatosha, kama Lagrange alivyothibitisha mwaka 1770 kwa namba zote. Mfano mmoja ni 65,535² + 362² + 5² + 1².

Sasa tugeukie 4,294,967,297. Fermat aliandika kwenye barua za mwaka 1640 kwamba anaamini namba zote za umbo hili ni tasa. Tano za kwanza ni tasa kweli. Ya sita ilikaa bila kujibiwa hadi mwaka 1732, Leonhard Euler alipoonyesha kwamba 641 inaigawa. Mtu akisikia hivyo hudhani Euler alijaribu mamia ya namba. Tumia kanuni ya Lucas uone: wagombea wa umbo 128k + 1 ni 129, 257, 385, 513, 641. 129 na 513 zinagawanyika kwa 3, na 385 inagawanyika kwa 5. 257 ni namba ya Fermat, na namba mbili za Fermat hazishiriki kigawo kamwe. Namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa ni 641. (Euler alikuwa na kanuni ya 64 tu, ambayo inaongeza 193, 449 na 577 kabla ya kuifikia 641.)

Jaribio lenyewe ni fupi. Kwa 641:

2^8 = 256.
2^16: 65,536 − 102 × 641 = 65,536 − 65,382 = 154.
2^32: 154² = 23,716, na 23,716 − 36 × 641 = 23,716 − 23,076 = 640.

2^32 inabakiza 640. Ongeza 1 unapata 641, yaani baki ni sifuri. Hakuna tarakimu kumi zilizogawanywa popote. Ukipenda kuona kwa nini inatokea, angalia kwamba 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4. Kutoka ya kwanza, 5 × 2^7 inabakiza −1, kwa hiyo kipeo chake cha nne, 5^4 × 2^28, kinabakiza 1. Kutoka ya pili, 5^4 inabakiza kile kile kinachobakizwa na −2^4. Badilisha: −2^4 × 2^28, yaani −2^32, inabakiza 1. Basi 2^32 + 1 inagawanyika.

Ukigawa, unapata 6,700,417. Hapa wengi huishia njiani, wakaiita tasa bila kuthibitisha. Kila kigawo tasa chake ni kigawo cha F5 pia, kwa hiyo nacho ni cha umbo 128k + 1. Kipeuo chake cha pili ni takribani 2,588. Tasa za umbo hilo chini ya 2,588 ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Baki ni hizi: kwa 257 inabaki 170, kwa 641 inabaki 44, kwa 769 inabaki 120, kwa 1,153 inabaki 334, kwa 1,409 inabaki 622. Hakuna sifuri. 6,700,417 ni tasa, na kazi yote ni kugawa mara tano.

Kuna ushahidi wa pili, wa aina tofauti kabisa. Namba witiri inayoandikika kama jumla ya vipeo viwili vya pili kwa njia mbili tofauti haiwezi kuwa tasa. F5 ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². Euler alionyesha jinsi ya kutoa vigawo kutoka kwenye njia mbili kama hizo. Toa: 65,536 − 62,264 = 3,272 na 20,449 − 1 = 20,448; kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili ni 8. Jumlisha: 65,536 + 62,264 = 127,800 na 20,449 + 1 = 20,450; kigawo kikubwa cha shirika ni 50. Nusu ya 8 ni 4, nusu ya 50 ni 25, na 4² + 25² = 16 + 625 = 641. Kigawo cha pili kinatoka kwenye 3,272 ÷ 8 = 409 na 20,448 ÷ 8 = 2,556: 409² + 2,556² = 6,700,417. Wagombea wote wawili wamerudi wakiwa kamili.

Tangu hapo hakuna namba tasa ya Fermat iliyopatikana zaidi ya tano za mwanzo. F5 hadi F32 zote zimethibitishwa kuwa si tasa, na F33 haijaamuliwa.

Twende kwenye programu yako. Kipimo ulichotumia kinasema: kama N ni tasa na si 2, basi 2^(N − 1) ikigawanywa kwa N inabaki 1. Hilo ni kweli. Kinachokosewa ni kugeuza sentensi: kubaki 1 hakuthibitishi kuwa N ni tasa. Na kwa F5 kipimo hiki hakina nguvu hata kidogo. N − 1 ni 2^32. Baki za vipeo vya 2 zinazunguka kila baada ya hatua 64, na 64 inaingia ndani ya 2^32 bila baki. Kwa hiyo utapata 1 hata iweje. Kila namba ya Fermat hupita kipimo cha 2, iwe tasa au la. Hata kipimo kikali zaidi, cha Miller na Rabin, kinachotaka baki zipite kwenye −1 kabla ya kufika 1, kikitumia 2 peke yake kinapitwa: 2, 4, 16, 256, 65,536, kisha 4,294,967,296, ambayo ni −1, na kipimo kinaridhika.

Tumia 3. Mwaka 1877 Théophile Pépin alithibitisha kwamba, kwa namba za Fermat kuanzia F1, namba ni tasa ikiwa na ikiwa tu 3 iliyopandishwa kwenye (N − 1)/2 inabakiza −1. Kwa F5 hiyo ni 3^(2^31), yaani anza na 3 na upandishe kipeo cha pili mara 31, kila mara ukichukua baki. Ingekuwa tasa ungepata 4,294,967,296. Unachopata ni 10,324,303. Pandisha mara moja zaidi upate 3,029,026,160, ambayo si 1. Kwenye Python mstari mmoja unatosha: `pow(3, 2**31, 2**32 + 1)`. Ukipata kitu kingine zaidi ya 10324303, tatizo liko kwenye aina ya namba unayotumia.

Na hapo ndipo penye mtego wa mashine. Kwenye biti 32 zisizo na alama (yaani zisizobeba namba hasi), 4,294,967,295 ni moja tupu 32, ndiyo maana ni kikomo. Ukiongeza 1 inarudi 0, ukiongeza 2 inakuwa 1. Kwa hiyo ukiihifadhi F5 kwenye biti 32, programu yako itapima namba 1 bila kukuonya. Kwenye biti 64 zisizo na alama F5 inakaa vizuri, lakini baki inaweza kufika 2^32, na kipeo chake cha pili ni 2^64, ambacho hukatwa na kuwa 0. Kwenye biti 64 zenye alama ni mapema zaidi: baki yoyote inayozidi 3,037,000,499 ukiipandisha kipeo cha pili inafurika. Aina ya desimali ya biti 32 ni mbaya zaidi kwa kazi hii, maana hubeba tarakimu 24 tu za mfumo wa jozi, na ukiiandikia 4,294,967,295 inaihifadhi kama 4,294,967,296. Desimali ya biti 64 iko salama kwa namba kamili hadi 2^53, yaani 9,007,199,254,740,992, ila usizidishe humo baki mbili kubwa ukategemea tarakimu za mwisho. Tumia lugha inayobeba namba kamili za urefu wowote, au zidisha kwa biti 128.

Kwa kipimo cha kudumu, chukua cha Miller na Rabin ukitumia 2, 7 na 61 kwa pamoja. Kwa namba yoyote iliyo chini ya 4,759,123,141 matatu hayo hayakosei (zile ndogo kama 7 na 61 zenyewe ziamue kando), na F5 iko ndani ya mpaka huo. Kisha ijaribu programu kwa namba ambazo jibu lake linajulikana. 2,147,483,647, yaani 2^31 − 1, ni tasa. Euler alithibitisha mwaka 1772. 4,294,967,291 ni tasa, nayo ni ya mwisho kabla ya 2^32. 4,294,967,311 ni tasa, nayo ni ya kwanza baada yake. 4,294,967,295 na 4,294,967,297 si tasa. Usiiache 3,215,031,751: ni 151 × 751 × 28,351, lakini hupita kipimo cha Miller na Rabin kwa 2, 3, 5 na 7 zote nne. Programu ikiiita tasa, rudi ukaangalie umeweka namba zipi za kupimia.